Magogo ya Uyoga Ndani ya Sanduku la Samaki

Mpaka leo nikipita soko la Bwera navuta kofia mpaka kwenye nyusi, kwa sababu wako wauza nyanya pale ambao wakiniona tu wananiuliza marehemu anaendeleaje, na mimi siwezi kuwalaumu, maana aibu ile niliitafuta kwa mikono yangu mwenyewe.

Mke wangu, Zulfa, analima uyoga wa shitake nyuma ya nyumba yetu Kasese, na uyoga huo hauoti kwenye udongo, unaota kwenye magogo ya mkaratusi ambayo unayatoboa, unatia mbegu, unaziba kwa nta, halafu unasubiri mpaka uchoke (sisi tulichoka mapema). Mama aliyemfundisha, mwenyeji wa Kilembe, alimwambia magogo yakigoma kuzaa yanataka kushtuliwa: yalale usiku kucha ndani ya maji baridi, asubuhi yagongwe chini kwa nguvu, yasimamishwe kivulini, na uyoga utatoka kwa wingi na kwa pamoja. Sasa maji ya Kasese na joto lile ni kama chai, kwa hiyo Zulfa akaniomba niyapandishe mlimani Kilembe, ambako maji yanauma meno. Mimi ni mtu wa gari, nabeba samaki kutoka ziwani Katunguru mpaka soko la Bwera, na siku hiyo sikuwa na hamu ya kuzunguka Kilembe kwa ajili ya kuni. Nikajiambia baridi ni baridi, na sanduku langu la samaki limejaa barafu. Nikachukua magogo mawili yaliyo bora, nikayafunga pamoja kwa shuka jeupe la zamani yasishike harufu (hapo nilijiona nina akili kweli), nikayalaza chini, barafu juu yake, na samaki wangu, ngege, juu ya barafu.

Bwera nina mteja wangu wa siku zote, mama Biira, ambaye hangoji kuchaguliwa samaki, anapanda mwenyewe kwenye gari na kuchimba samaki wakubwa wa chini. Akachimba, mkono ukagusa shuka, akalifuata kwa vidole toka mwanzo mpaka mwisho, akashuka polepole bila samaki, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa:

"Sula, mbona iko mutu mu barafu?"

Angepiga kelele ningecheka, lakini ule upole wake ndio uliowaleta watu. Kabla sijajibu soko zima limezunguka gari, na kwa kuwa mpaka wa Kongo uko pale pale, askari wa doria naye akafika, akaniamuru nivue viatu nikae chini, nami nikakaa kwenye maji ya samaki na kanzu yangu ya Ijumaa. Nikasema ni miti. Nikasema ni uyoga. Kila nilivyoeleza ndivyo nilivyoharibu, maana nilisema pia ni ya mke wangu, na nyuma kule mtu akawaeleza wenzake kwamba aliyelala humo ni mke wangu. Mzee mmoja wa msikitini (Mungu amlipe wema) akawanyamazisha watu, akainua mikono, akaanza kumwombea marehemu, na mimi nikajikuta nimeitikia amina.

Askari akafungua shuka mwenyewe. Akalitazama gogo, akanitazama mimi.

"Kwa nini unavalisha kuni sanda?"

"Afande, nilitaka isikie baridi ndiyo izae."

Watu walicheka, yeye hakucheka, alidhani ni uchawi, akaniambia nionyeshe. Basi nikasimama pekupeku mbele ya soko, simu zimeinuliwa, nikaligonga gogo chini huku nikieleza kwamba ndivyo linavyoamshwa. Zulfa aliiona video kabla sijafika Kasese.

Samaki hawakununuliwa. Mama Biira alisema ananiamini, ila ngege waliolala na sanda hawezi kumuuzia mtu. Tuliwala wenyewe nyumbani mpaka watoto wakaanza kuomba maharage.

Zulfa akakodi bodaboda, akayapeleka magogo yaliyobaki Kilembe, akayalaza majini, na yalipoanza kuzaa hukuona tena gome la mti, uyoga mtupu. Mawili yangu yalizaa ukungu wa kijani na nzi, kwa sababu gogo halitaki baridi peke yake, linataka linywe. Hakunigombeza. Aliniambia tu:

"Baba Shamimu, nilisema maji."

Siku hizi akisema maji ni maji, akisema Kilembe ni Kilembe, nami nawasha gari.