Zabibu Kwenye Barafu ya Mbwa

Binti yangu alipopelekwa na kampuni yake kusoma ng'ambo kwa miezi mitatu, aliniomba nihamie kwake, mtaa wa Spring Valley, nimtunzie mbwa. Nilikubali upesi kwa sababu mama yangu alikuwa anakuja kutoka Machakos kufanyiwa upasuaji wa jicho, na nyumba yangu ya chumba kimoja isingetutosha. Basi tukajikuta pale, mimi karani wa serikali niliyebakiza miaka michache kustaafu, na mama mwenye jicho moja lililofungwa bandeji, katika nyumba yenye friji kubwa kuliko kabati langu la nguo. Sisi wawili na mbwa.

Mbwa mwenyewe ni wa miguu mifupi, na alikuwa amenenepa hadi tumbo linakaribia kugusa sakafu. Daktari wa mifugo alikuwa amepiga marufuku biskuti. Akitaka kitu cha kutafuna, apewe vipande vichache vya matunda yaliyogandishwa. Binti yangu akanitumia maelezo kwenye simu, marefu kuliko yale tuliyopewa hospitali ya macho.

Jumamosi ya kwanza nilisimama jikoni asubuhi nzima. Nilimenya papai na kutoa mbegu zote. Nikakata tufaha, nikatupa mbegu zake. Nikaponda ndizi kwa uma, nikachanganya na yogati, nikamimina kwenye trei za barafu. Hiyo yogati ndiyo ilinitoa jasho. Jana yake dukani zote zilikuwa na vanila au stroberi. Nikapata moja iliyoandikwa haina sukari, binti yangu akaniambia kwa simu nisome tena nyuma, kwa sababu kuna sukari ya bandia inayoua mbwa.

"Mum, soma pole pole. Usimpee kitu hujui."

"Nimesoma mara mbili, na huku nyuma yangu watu wamepanga foleni."

Asubuhi hiyo mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha jikoni, akisikiliza uma ukigonga bakuli. "Hiyo ni ya nani?"

"Ya mbwa, Mwaitu," nikamjibu, nikimwita mama kwa Kikamba.

Kwetu tulifuga mbwa watatu, na chakula chao kilikuwa ukoko wa ugali na mifupa. "Mbwa anatengenezewa papai," akasema, "na mimi tangu nije nimekula papai mara moja."

Nikamkatia papai.

Ile barafu mbwa aliilamba, akaiacha kwenye zulia ikayeyuka, akaja kukaa miguuni pa mama. Kila siku ikawa hivyo. Nilikuwa natoka kazini mjini nimechoka, nafika napiga magoti kusugua zulia. Baada ya wiki tatu nikampeleka kupimwa uzito. Alikuwa ameongezeka.

"Mama, una uhakika anakula hizi tu?" daktari akaniuliza. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya kubembeleza.

"Nina uhakika," nikajibu, kwa ukali ambao hakustahili.

Nilirudi nikaandika kwenye karatasi vitu vyote ambavyo mbwa haruhusiwi: zabibu mbichi na kavu, vitunguu, chokoleti, mafuta, mabaki ya mezani. Nikaibandika kwenye mlango wa friji kwa herufi kubwa, nikahisi nimemaliza kazi.

Siku chache baadaye, mchana, nilikuwa ofisini nimezungukwa na mafaili mama aliponipigia simu. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu upasuaji.

"Leo nimekupunguzia kazi. Ile barafu ya mbwa nimeitengeneza mwenyewe ulipotoka tu asubuhi. Ameila yote sasa hivi! Kumbe alikuwa anataka utamu kidogo."

"Utamu gani?"

"Nilipapasa kwenye kabati nikapata chupa ya zabibu kavu. Nikamtilia kiganja kizuri."

Sikumbuki nilimwambia nini mkubwa wangu. Nakumbuka nikimpigia daktari nikiwa kwenye ngazi, naye, bila kubembeleza safari hii, akisema, "Mlete sasa hivi. Usingoje aonyeshe dalili." Nilipanda bodaboda nikiwa na sketi ya ofisi, kitu ambacho nilikuwa nimeapa sitafanya katika umri wangu, na njia nzima nilikuwa nagombana na mama kichwani.

Nilipofika niliendeleza ule ugomvi kwa sauti. Askari wa geti alikuwa amenifungulia na bado amesimama hapo, mbwa naye anatingisha mkia.

"Si nilibandika karatasi? Si niliandika kubwa kabisa, zabibu hapana?"

"Karatasi gani?"

"Hiyo hapo kwenye friji!"

Mama alielekeza uso upande wa friji. "Jicho moja limefungwa," akasema. "Hili lingine hata wewe nakujua kwa sauti. Hiyo karatasi ulimwandikia nani?"

Nikambeba mbwa. Mama akachukua leso yake na kunishika mkono, akasema hatabaki. Askari akatuitia teksi.

Kliniki walimdunga mbwa sindano ya kumtapisha. Tulisimama palepale tukitazama, yaani mimi nikitazama na mama akisikiliza. Zikatoka zabibu, zimevimba. Likatoka papai. Kisha daktari akainama na kugeuza kitu kwa kijiti.

"Hii ni chapati?"

Mama akajikohoza. "Huyo mnyama alikuwa na njaa. Alikuwa analia usiku na mchana."

"Na hii ni soseji."

Mama akageuka upande wangu. "Soseji si mimi."

Ilikuwa yangu. Kila asubuhi nilikuwa namkatia kipande kwa sababu alikuwa ananitazama nikila kana kwamba namla nduguye. Nilikiri mbele ya daktari, nikiwa nimeshika mkoba wangu kifuani kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Walimlaza siku mbili na kumwekea maji ya mishipa. Figo zake zikapimwa, zikapatikana salama. Nilipompigia binti yangu alilia kwanza, kisha akauliza swali moja tu kuhusu nyanya yake: "Na kwa nini hukumsomea susu hiyo karatasi?" Nilimwambia nina kazi nyingi nikakata simu. Nilikuwa nimemkasirikia kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Mama hakunisemesha siku zote hizo. Tulipomrudisha mbwa nyumbani, nilimwomba msamaha kwa kumfokea. "Ulinifokea mbele ya askari," akasema. Nikamwomba tena. Akasema sawa, lakini kuanzia sasa barafu tutatengeneza pamoja, maana nikiachwa peke yangu mimi ni wa kuandika tu.

Jumamosi hiyo tuliketi jikoni, yeye akitoa mbegu za papai kwa vidole, mimi nikiponda ndizi. Alitoa mbegu haraka kuliko mimi mwenye macho mawili. Tulijaza trei sita, tukazipanga kwenye friza, mbwa amelala chini akitupuuza.

Saa sita mchana stima ikapotea, friza ikazimika. Saa kumi ilikuwa bado. Nilifungua friza nikakuta uji wa rangi ya chungwa, na matone yakishuka hadi kwenye droo ya nyama. Nikakaa sakafuni.

Mama aliomba kikombe cha ule uji. Akanywa, akafikiri, akaninyooshea kikombe nimwongezee.

"Si mbaya," akasema. "Ungetia ndimu."

Nikainuka kwenda getini kumuuliza askari kama majirani nao wamepotelewa na stima.