Ukuta wa Choo

Juzi mpwa wangu alinionyesha matusi ambayo wenzake wa darasa wamemwandikia kwenye simu. Nikamkumbuka Moraa, tuliyesoma naye shule ya msingi.

Ijumaa moja mchana tulikuwa tumeleta shuleni mavi ya ng'ombe ya kupaka sakafu ya darasa, harufu imejaa kote. Moraa akapeleka yake chooni, akapaka ukutani kwa mikono. Nilidhani anachafua tu.

“Mwalimu, Moraa anapaka choo mavi!” nikapaza sauti.

Mwalimu akamwamuru aoshe. Mavi yalipotoka, tukaona kumbe alikuwa anafunika maneno yaliyokwaruzwa kwa msumari: MORAA ANAKOJOA KITANDANI. Tukayasoma kwa sauti, tukicheka.

Sikuyaandika mimi. Mwalimu pia hakujua kilichokuwa chini ya mavi. Lakini nafikiri tulipoyasoma sauti yangu ndiyo ilikuwa kubwa zaidi, na Moraa aliendelea kuosha kwa sababu hakuna aliyemwambia aache.