Kijana Aliyeomba Upande Mmoja wa Albamu Yangu

Ukitaka kucheka, cheka kwanza umalize, halafu unisikilize, maana haya yalinipata mimi mwenyewe. Sikusimuliwa.

Mimi ni mkulima wa nyanya hapa Matuu. Maji ya mfereji tunapewa kwa zamu, na yangu huangukia usiku. Kinachonisaidia kukesha ni albamu moja ya roki, ambayo vijana wanne wa Katangi walijirekodia wenyewe ndani ya banda la kuku. Kweli! Kwenye wimbo wa pili kuku anasikika akilalamika. Lakini wa nne, ah, gitaa linaingia polepole mpaka unamkumbuka kila mtu uliyewahi kumpenda. Naipenda albamu hiyo kupita kiasi.

Sasa, kwetu jirani wa juu akiona hatari kwenye mfereji hupiga ukelele, nawe wa chini huitikia. Usiku ule nilikuwa nimeketi ukingoni, waya za kusikilizia muziki zimeziba masikio yote mawili. Ningesikiaje?

Akaja kijana, jembe begani, nguo kavu kabisa, akaketi kando yangu. Nilidhani ni kibarua wa shamba la pili.

"Niaje. Unasikiza nini?"

"Roki ya Katangi."

"Si unipatie upande moja."

Nani amnyime mtu wimbo wa nne? Nikampa. Alifumba macho, akatikisa kichwa taratibu, akatabasamu, nami nikafurahi utadhani gitaa nalipiga mimi. Ndipo kwa sikio lililobaki wazi nikamsikia Mama Nduku, jirani yangu wa juu, akipiga kelele na tochi mkononi: "Wee! Ukingo inabomoka! Toka hapo!"

Niliruka. Pale nilipokuwa nimeketi pakaenda na maji. Nikageuka nimvute kijana. Hakukuwa na mtu. Upande wake wa waya ulikuwa unaning'inia kifuani pangu, unadondosha maji ya tope.

Nilipomweleza Mama Nduku, alikaa chini.

"Huyo ni Kioko," akasema. "Mfereji ilimbeba kabla wewe ukuje hapa. Alikuwa na redio kwa masikio. Tuliita, tukaita."

Niamini, upande ule haujalia tena, ila kwenye wimbo wa nne tu. Ukianza, nauchomoa nauweka juu ya jiwe, naye asikilize. Simwogopi. Nampenda, basi.

Nawe unayekesha na muziki, ipende albamu yako upendavyo, lakini acha sikio moja wazi. Kioko hawezi kufika kila mahali.