Kisigino cha Papa Floribert

Ukiishi Cimpunda, mtaa wetu hapa Bukavu, usithubutu kuumwa na kitu mbele ya Papa Floribert. Mwaka juzi mimi niliumwa jino, shavu likavimba hadi jicho moja likajifunga, nikapita mbele ya mlango wake nikienda kwa mng'oa meno. Akanisimamisha. Akaniuliza kama najua meno yanamaanisha nini katika Maandiko. Nilitikisa kichwa kwa sababu kusema sikuweza, naye akadhani namwomba anifundishe. Nikasimama pale kwenye jua la saa sita, nikielezwa meno ya simba, meno ya waovu ambayo Bwana huyavunja, na kilio na kusaga meno huko gizani. Nilipofika kwa mng'oa meno, nilikuta amekwenda kula. Tangu siku ile nina kinyongo na mzee huyo, nakiri, na msomaji anisamehe kikijitokeza.

Alizaliwa Mumosho, akafundishwa ukatekista na mapadri, kisha akapiga mashine ya kuandikia katika ofisi moja ya mjini kwa miaka thelathini na miwili. Mkewe, Maman Virginie, ni mwanamke mfupi wa maneno machache ambaye amelea watoto sita kwa kuuza maharage sokoni Kadutu. Mzee alipostaafu, paroko alimpa darasa la watu wazima wanaojiandaa kubatizwa, nasi wa shirika letu, yaani zile nyumba ishirini na kitu zinazokutana kila Jumatano alasiri kusali, tukamchagua kuwa prezida. Hakuna aliyetulazimisha.

Papa Floribert alikuwa ameipitia Biblia yote, tangu Mwanzo hadi Ufunuo, akichambua viungo vya mwili kama mtu anavyochambua mawe kwenye maharage. Kichwa ni mamlaka. Mkono wa kuume ni nguvu. Jicho ni taa. Shingo ni ukaidi, goti ni utii, ulimi ni moto. Maman Bintu alipougua homa ndefu na nywele zikaanza kumtoka, aliambiwa asilie, kwa kuwa kila unywele umehesabiwa mbinguni, kwa hiyo haujapotea. Bwana Élie, fundi wa mabati, alipopatwa na mawe ya figo, akigaagaa sakafuni huku mkewe akitafuta pikipiki ya kumkimbiza hospitali, Papa Floribert aliinama karibu na sikio lake na kumjulisha kwamba Mungu huyachunguza mafigo, basi afurahi kwa kuchunguzwa. Élie alimjibu neno ambalo silo la kuandikwa.

Na sisi tulijivuna naye. Mashirika mengine yalikuwa na maprezida wanaojua kupiga ngoma. Wa kwetu alijua mafigo.

Mwezi wa kumi na moja alinunua viatu vyeusi vya mitumba, vya ngozi, vinavyong'aa kama viatu vya waziri. Virginie aliviona tu akasema vinambana. Yeye akasema havimbani hata kidogo, na hapo alisema kweli, maana hakusikia chochote. Jumapili alirudi kutoka misa, akavua kiatu cha kushoto, soksi ikawa imelowa damu. Kisigino kilikuwa kimechubuka vibaya naye ametembea nacho kupanda na kushuka vilima vyote vya Kadutu bila habari. Miezi ile pia alikuwa amekonda, anakunywa maji dumu zima kwa siku, anakwenda msalani kila mara. Mtu mwingine angejiuliza maswali. Papa Floribert alifungua kitabu cha Mwanzo, mahali ambapo nyoka anaambiwa kwamba ataponda kisigino.

Jumatano alitutolea ushuhuda.

"Bandugu, nyoka inaumaka tu kisigino ya mutu mwenye anaikanyaga kichwa," alisema, amesimama, mguu wa kushoto umetangulizwa mbele ndani ya kiatu chake kinachong'aa. "Na muone sasa: haiume! Kidonda iko, maumivu haiko. Hiyo ni nini, kama haiko neema?"

Tukasema Amina. Nami nilisema, tena kwa sauti. Maman mmoja aliinama akakigusa kile kiatu kwa vidole viwili, akajipiga ishara ya msalaba. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema: prezida, vua soksi tuone.

Aliyeona ni Virginie, kwa sababu ndiye aliyekuwa akibadilisha kitambaa kila asubuhi. Mpwa wake ni muuguzi katika hospitali ya Katana. Alimpigia simu, akamweleza, na yule kijana akamwambia waziwazi: shangazi, hiyo ni sukari, inaua mishipa ya miguu hadi mtu hasikii kitu, mlete upesi, maana kidonda kikifika kwenye mfupa watamkata mguu. Virginie alikaa na maneno hayo siku mbili, hajui ayaanzie wapi. Hatimaye aliyasema yote kwa mara moja akiwa anamfunga kitambaa.

"Papa, twende Katana. Ile kidonda inanuka."

"Hata Lazaro alinuka," alijibu mzee.

"Lazaro alikuwa amekufa," akasema Virginie.

Hiyo ndiyo kauli ya busara kuliko zote zilizowahi kutamkwa katika shirika letu, na ilisemwa jikoni ambako hakuna aliyeiandika. Papa Floribert alimfafanulia mkewe kwamba kwenda hospitali kungekuwa kuishuhudia vibaya neema mbele ya watu waliokwisha kusema Amina. Kuhusu kukatwa mguu, alisema ndiyo, Bwana ametaja kuukata mguu unaomkosesha mtu, lakini huo ni mfano, hakuna mahali Bwana ametaja msumeno. Virginie akamaliza kufunga kitambaa. Sikio la kufa halisikii dawa, na la mzee huyu lilikuwa limejaa tafsiri.

Ikafika Kwaresima. Parokia yetu ina desturi kwamba Alhamisi Kuu kila shirika linatoa mtu mmoja wa kuoshwa miguu na padri, mpaka watimie kumi na wawili kama mitume. Shirika letu halikupiga hata kura. Nani mwingine, ikiwa tuna mwenye kisigino?

Sasa, ni lazima nieleze jambo moja kuhusu watu wa Bukavu na unyenyekevu. Sisi hatupendi padri aoshe mguu mchafu. Jumatano Kuu, Maman Domitille wa komite ya liturujia huwaita wale kumi na wawili nyuma ya sakristia akague miguu. Kucha zimekatwa? Magaga yamesuguliwa? Mafuta yamepakwa? Mwaka mmoja alimrudisha nyumbani muuza mkaa mzima, akaleta shemeji yake mwenye kazi ya ofisi. Na huoshwa mguu wa kuume peke yake, maana kondoo wako kuume na mbuzi wako kushoto, ufafanuzi uliotolewa na nani mnajua. Papa Floribert alivua kiatu cha kuume, akaonyesha mguu safi, laini, unaonukia sabuni. Domitille alimsifu mbele ya wengine.

Asubuhi ya Alhamisi Virginie hakwenda sokoni. Alikwenda parokiani kumtafuta Padri Thierry, kijana aliyetoka seminari juzi tu, anayelingana na kitinda mimba wao. Haya Virginie alinisimulia mwenyewe baadaye.

"Abbé, leo utanawisha bwana yangu. Naomba unawishe mguu ya kushoto."

"Maman, desturi ni ya kuume."

"Najua. Unawishe ya kushoto."

"Kwa nini?"

"Miye minasema, anaona ni kelele ya mwanamuke. Wewe ukiona, itakuwa mutu ameona," alisema, akaanza kulia, mwanamke ambaye sijawahi kumwona analia hata msibani. Padri akamwahidi.

Jioni ile ilinyesha, na baridi ya kwetu mnaijua. Wale kumi na wawili waliketi kwenye benchi mbele ya altare, kila mmoja na kiatu kimoja. Kwaya ilikuwa inaimba. Padri Thierry alipiga magoti, akaosha, akapangusa, akasogea. Kwa huruma ya baridi, Maman Domitille aliongeza maji ya birika kwenye jagi, na kwa haraka hakuyajaribu. Jagi hilo ndilo lililofika zamu ya Papa Floribert, aliyekuwa wa saba.

Mzee alinyoosha mguu wa kuume. Padri akautazama, akasema kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti kilikuwa shingoni mwake na kanisa zima likasikia:

"Papa, ule mwengine."

"Abbé, tunanawishaka ya kuume."

"Ule mwengine, Papa."

"Hapana, Abbé. Hautaninawisha ile."

Neno hilo lilipomtoka, nilimwona anajisikia mwenyewe. Mwenye kukataa kuoshwa ni Petro, na kila mtu katika kanisa lile anajua Petro aliambiwa kwamba asipooshwa hana sehemu na Bwana, na kwamba mwishowe aliitoa miguu. Laiti angekuwa mtu asiyejua Biblia, angekataa mpaka kesho. Yeye alikuwa ametufundisha mwenyewe fungu lile, miaka minne mfululizo. Akainama, akavua kiatu cha kushoto, akavua soksi, akafungua kitambaa.

Harufu ilitufikia mpaka benchi la tano. Mficha maradhi, kilio humuumbua, wanasema watu. Domitille aliziba pua kwa kitabu cha nyimbo. Kwaya ilirudia ubeti uleule mara tatu kwa sababu kiongozi alikuwa anachungulia. Padri Thierry alisogeza beseni. Aliushika ule mguu kwa mkono wa kushoto, akamimina.

Kisha akaruka. "Aïe! Maman, maji iko moto!" Aliutikisa mkono wake, vidole vimekuwa vyekundu. Mvuke ulikuwa unapanda kutoka beseni. Papa Floribert alikuwa ameketi vilevile, ameinua macho juu, na uso wake ule wa ushuhuda, hata kope hazikucheza.

"Papa," aliuliza padri, "haukusikia?"

Mzee alishusha macho. Aliona ngozi ya juu ya mguu wake inaanza kuwa nyekundu. Aliona mvuke. Polepole alipeleka mkono, akachovya kidole ndani ya beseni, akakitoa mbio. Akautazama tena mguu, ule ambao sote tuliusemea Amina, kana kwamba mtu mwingine ameuacha hapo. Mdomo ulifunguka na nikajua anatafuta fungu. Tulingoja. Mimi nilikuwa naogopa, na kinyongo changu chote sikukikuta pale nilipokizoea.

"Sisikie kitu, Abbé," alisema. Haikuwa sauti ya prezida. "Toka muda mingi sisikie kitu. Niko na woga."

Virginie alikuwa ameshatoka kwenye benchi lake. Alipita katikati ya kanisa, mbele ya watu wote, akapiga magoti pembeni ya padri, akafungua kitenge chake cha juu na kuufunga mguu wa mumewe. Kisha akamshika mkono, wakatoka kwa mlango wa kando, mzee akichechemea, viatu vyake vyote viwili vimebaki chini ya benchi. Bado kulikuwa na miguu mitano. Padri aliiosha yote, kwa maji ya baridi.

Ijumaa Kuu walikuwa Katana. Walikata nyama yote iliyooza kwenye kisigino na wakakuta mfupa bado mzima. Daktari alimwambia Virginie kwamba wiki mbili zaidi wangekata hapa, akamwonyesha kwa kiganja, chini ya goti. Mzee alilala huko wiki saba. Wagonjwa wa chumba chake waliniambia hakuwahi kumweleza mtu kiungo chochote. Shirika tulimtembelea mara moja, tukaimba, tukala maandazi yetu wenyewe, tukarudi. Mpaka leo hakuna aliyesimama Jumatano kusema kwamba tulimwua nusu kwa Amina zetu. Nami sijasimama. Nimeandika.

Siku hizi anatembea kwa gongo, chai bila sukari. Kila jioni kabla ya chakula Virginie humketisha uani, humvua soksi, na kumwambia afunge macho, kwa sababu anamfahamu. Kisha huchukua njiti ya kiberiti na kumgusa unyayoni, hapa na pale, kama muuguzi alivyomfundisha, na kumwuliza kama anasikia. Juzi nilikuwapo, nimeleta mboga.

"Hapa?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana."

Alimgusa mahali pengine pengi, na jibu likawa lilelile. Hatimaye Virginie aliushusha mkono mapajani, akakaa tu, amechoka, akiutazama ule mguu. Mzee hakuona. Alikuwa amebana macho kwa nguvu, kama mtoto anayesali.

"Na hapo?" alijiuliza mwenyewe. Kisha akajibu, "Hapo, kidogo. Nimesikia kidogo."

Virginie alinitazama. Njiti ilikuwa bado mapajani mwake.

"Ni vizuri, Papa," alimwambia. "Fungula macho, tukule."