Taa Kuukuu za Raili Tolonen

Raili Tolonen hasahau. Nawaambia mapema, msije mkamwonea huruma Oiva Karppinen huko mbele. Mimi simwonei, na nina sababu zangu.

Raili ni jirani yangu hapa Likoperä, kaskazini mwa Ufini. Kati ya nyumba yake na yangu kuna shamba la viazi tu. Kwa miaka kumi na tisa aliendesha teksi ya shule: asubuhi anawazoa watoto kwenye mashamba ya mbali, saa tisa mchana anawarudisha. Saa tisa mchana mwezi wa Desemba huku kwetu ni giza totoro, na barabara ya ziwani haina hata nguzo moja ya taa. Mtu asiyeona vizuri hawezi kuifanya kazi ile hata wiki moja. Yeye aliifanya miaka kumi na tisa bila kugusa hata sungura.

Oiva naye ndiye bwana mkubwa wetu. Ana malori ya magogo, ni mwenyekiti wa chama cha wawindaji, na ana pikapu mpya aliyoifunga mbele mtambo wa taa za LED mrefu kama benchi la kanisani. Zikiwaka, msitu mzima unakuwa mweupe. Sasa huku kwetu kuna adabu moja ya barabara ambayo hata mlevi anaijua: ukiona mwanga wa mwenzako unakuja nyuma ya kona, unashusha taa zako kabla hata hajatokea. Huombwi. Oiva alikuwa haoni haja. Alikuwa anashusha anapojisikia, na mara nyingi hajisikii.

Basi Novemba ya mwaka juzi Raili alikuwa akirudi kutoka dukani na mumewe, Eelis, kwenye gari lao la zamani. Kwenye kona ya ziwani akakutana na Oiva, na Oiva hakushusha. Raili alichoona ni weupe tu. Akakanyaga breki, gari likateleza, likaingia mtaroni na kukumbatia msonobari. Yeye alitoka na mchubuko. Goti la Eelis lilivunjika mara tatu. Mtu aliyekuwa akishinda kutwa juu ya barafu akivua sangara, sasa anashinda dirishani akiwasema ndege vibaya.

Na sikieni lililoniuma hata mimi baadaye. Oiva ndiye aliyewavuta kutoka mtaroni kwa kamba yake, na kijiji kizima kikamsifu. Akasimama dukani, kofia mkononi, akasema kwa huzuni, "Mama wa watu, macho yake yamekwisha. Na zile taa zake, mishumaa ina nafuu. Mimi namsikitikia, lakini je, wangekuwemo watoto?"

Siku tatu baadaye kulikuwa na barua kwenye kaunta ya duka, ya kuiomba halmashauri ibadilishe dereva. Watu wakasaini. Raili akaenda kwa daktari wa macho, akarudi na cheti kwamba anaona vizuri kuliko daktari mwenyewe, akakibandika kwenye ubao wa matangazo dukani. Hakuna aliyekisoma. Wiki ya pili mtu akabandika juu yake tangazo la kuni.

Teksi wakampa mtu mwingine.

Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti akaja kugonga mlango wangu. Hakuwa amesema nami tangu barua ile.

"Kerttu, ulisaini?"

Ningeweza kusema uongo, lakini jina langu lilikuwa la nne kutoka juu. "Nilisaini," nikasema.

"Haya. Vaa glavu, uje."

"Nije wapi?"

"Uje unishikie tochi. Natengeneza taa za gari. Oiva alinimulika mpaka nikashindwa kuona, halafu akawaambia ni macho yangu. Sasa nataka aone nilichoona mimi, na akishaona aseme. Mbele ya walewale waliosaini. Na wewe ukiwemo, mwenzangu, usijifiche."

Nikavaa glavu. Ungefanyaje? Kuanzia hapo kila Jumamosi yangu ilikuwa ya Raili, na sikudai hata kahawa, ingawa kahawa nilipewa, tena bila sukari kwa makusudi.

Hela hazikuwepo. Pensheni ya Eelis na vibarua vya Raili vya kusafisha shule havikutosha kununua taa kama za Oiva. Kwa hiyo kosa la kwanza lilikuwa la mtu mwenye hasira na mfuko mtupu: aliagiza mtandaoni globu za LED za bei chee na kuzichomeka kwenye taa zake za zamani. Zilikuwa kali, sikatai. Lakini taa ile haikutengenezwa kwa globu ile, mwanga ukatawanyika kila upande, juu ya miti, machoni mwa watu, popote isipokuwa barabarani. Kwenye ukaguzi wa magari mkaguzi alitazama mara moja tu. "Mama, hizi zinapofua wenzako, na wewe mwenyewe huoni mbali. Zitoe."

Tulipofika uani, Raili alizing'oa mwenyewe kwa mkono, akazitupa kwenye ndoo ya majivu. "Nilitaka kumlipiza Oiva," akasema, "nikakaribia kuwa Oiva." Alikuwa amejikasirikia kuliko alivyonikasirikia mimi, na hasira hiyo haikuwa ndogo.

Tukaanza upya, polepole. Vioo vya taa vilikuwa vimekuwa vya njano kwa uzee. Tukavisugua kwa msasa na maji, kwanza ule wa kukwaruza, halafu laini, halafu laini zaidi, mpaka mikono ikafa ganzi, kisha tukavipaka vanishi safi. Eelis akatoa amri kutoka kwenye kiti chake alichobebewa uani.

"Pimeni umeme kwenye globu, siyo kwenye betri," alisema. "Waya zile zina miaka ishirini. Umeme unaishia njiani."

Alisema kweli. Betri ilikuwa nzima, lakini kwenye taa umeme ulifika umechoka. Raili akavuta waya mpya nene moja kwa moja kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi na rilei, na globu mpya za kawaida, zile za nyuzi za moto, ila za ubora mzuri. Tulipowasha, nilidhani ameongeza taa nyingine. Hakuongeza kitu, zilikuwa zimeshiba tu.

Mwisho akaenda kwa fundi wa vyuma chakavu, akarudi na taa mbili za ziada, za duara, kubwa kama sahani, za wakati tulipokuwa wasichana. Fundi alimcheka. "Hizi mama zinakula umeme kama wehu, tena zinachemka. Utakaanga mayai juu yake."

"Nitakaanga mtu," Raili akamjibu, akalipa yuro kumi na tano.

Kuzilenga kulituchukua Jumamosi nzima. Gari mita kumi kutoka ukuta wa banda, mstari wa chaki ukutani, na mwanga wa chini ushuke kwa kiganja kimoja chini ya kimo cha taa. Eelis alikaa kiti cha mbele awe mzigo, maana gari tupu hudanganya. "Mwaka mzima nimekuwa mzigo," alisema, "leo angalau ni kazi." Raili hakucheka. Alimfunga mkanda, akamrekebishia blanketi gotini, akarudi kwenye chaki yake. Mkaguzi yuleyule akampitisha.

Jioni nyingi alizunguka barabara ya ziwani akimtafuta Oiva. Hakumpata. Nadhani tungemaliza majira ya baridi hivyo, kama si karamu ya hirvi, yule paa wa misitu yetu mkubwa kuliko farasi.

Kila mwaka, wawindaji wakishamaliza msimu, huwapikia supu ya nyama ya hirvi wenye mashamba wote waliowaruhusu kuwinda kwao. Wote tunakwenda. Mwenyekiti ndiye anayeshika upawa. Mwaka huo karamu iliangukia Jumamosi ya kwanza ya Desemba, saa kumi jioni, na theluji ikaanza saa nane, ile nzito yenye majimaji, na upepo juu yake.

Raili alikuwa usukani, Eelis mbele, mimi nyuma. Taa zilikata theluji vizuri, barabara ilionekana kingo zote mbili. Tukiwa karibu na ziwa tukaona kitu chekundu kinapepesa. Ningependa kuwaambia ilikuwa kona ileile. Haikuwa. Ilikuwa kilomita mbili kabla yake, kwenye mnyooko ambao hata mtoto angepita.

Pikapu ya Oiva ilikuwa imekaa upande, gurudumu la mbele liko mtaroni. Na mbele, pikapu yenyewe ilikuwa ukuta wa theluji. Benchi zima la taa lilikuwa limegandiwa, na taa kubwa pia, kwa theluji nene kama mkate. Nikakumbuka maneno ya fundi wa vyuma chakavu. Taa za LED hazipati joto. Theluji ikizigusa inakaa. Taa zetu zile za duara zilikuwa zikifuka mvuke, na theluji ilikuwa inayeyuka kabla haijatua. Oiva alikuwa anafuta, anakwenda mita mia tatu, anafuta tena, mpaka hakuona barabara inapoishia. Sasa alikuwa amesimama katikati ya njia, anafuta kwa kofia.

Raili alisimama mbali kidogo, halafu akawasha zote.

Oiva akaweka mikono usoni. Akayumba, akashika boneti yake. Raili akateremsha kioo.

"Zima hizo!" Oiva akapiga kelele. "Sioni kitu!"

"Unasemaje?"

"Nimesema sioni kitu, mwanamke! Umenipofua!"

Raili akashusha taa, taratibu. "Eelis, umesikia? Kerttu, umesikia?" Tulisikia. Oiva alitambua sauti, na hata kwa mwanga wa chini niliona uso wake ukibadilika.

Alikuja dirishani. Simu haishiki pale ziwani, na watu wanamsubiri ukumbini. "Raili," akasema, "nipe lifti. Nina supu ya watu sabini."

"Utapanda. Lakini leo utasema uliyonifanyia, mbele ya watu."

"Unanitishia?"

"Nakupa lifti. Panda, theluji inaingia."

Alipanda nyuma, pembeni yangu, akalowesha kiti. Njia nzima mpaka ukumbini Eelis alikuwa akivuma wimbo puani, na sikuwa nimemsikia akiimba tangu goti lake livunjike.

Oiva akatoa hotuba. Akawashukuru wenye mashamba, akamshukuru hirvi, akashika upawa. Kuhusu Raili hakusema kitu. Foleni ikaanza kusogea. Zamu ya Raili ilipofika, Oiva alimjazia bakuli mpaka juu, nyama tupu, zile nono, akamsogezea huku akitabasamu na watu wakiona.

Raili hakulipokea. Alisimama tu.

Sisi ni watu wa foleni. Hatusukumani, hatuulizi kuna nini. Aliye mbele akisimama, tunasimama. Watu sitini nyuma yake wakasimama na mabakuli yao matupu, wakitazama sakafu, supu ikichemka. Dakika moja. Mbili. Mtu akakohoa. Oiva akasukuma bakuli tena, Raili akaliacha hapohapo mezani. Niliona jasho kwenye paji la uso wa Oiva, na nawaambia ukweli wangu, nilifurahi mpaka tumboni.

"Sikushusha taa," Oiva akasema kwa sauti ndogo.

"Wa nyuma hawajasikia," Raili akasema.

"Siku ile ya ajali. Nilimwona anakuja. Nilimtambua kabisa, nikajua ni gari la Raili. Nikasema atapita tu, ana macho mazuri." Akaweka upawa chini. "Macho yake hayana kasoro. Mimi ndiye niliyewaambia vile."

Raili akachukua bakuli, akaenda kukaa pembeni ya Eelis, akala lote, akachukua na mkate wa kufutia. Foleni ikaendelea. Kila aliyepita Oiva alipokea supu yake bila asante, na kwetu hilo ni jambo. Mtu wa halmashauri alikuja mezani kuanza kuzungumzia teksi, Raili akamwambia aje Jumatatu, sasa anakula. Wanaosema kisasi hakina ladha hawakumwona akifuta lile bakuli.

Tulipotoka theluji ilikuwa bado inaanguka. Wengine wote wanakaa upande wa mjini, ni sisi na Oiva tu tunaoelekea ziwani. Akatufuata uani, kola juu. "Raili. Njia yetu ni moja."

Raili alikuwa anafuta kioo cha mbele. Taa hazikuhitaji kufutwa. "Gari limejaa," akasema.

Oiva akatazama kiti cha nyuma, kilichokuwa bado kimelowa alipokaa yeye, halafu akanitazama mimi. Ndani ya ukumbi kuna benchi pana karibu na jiko, mtu akilala hapo hafi kwa baridi. Nikachukua mkoba wangu mapajani nikauweka pale alipokuwa amekaa, nikafunga mlango.