Kanga ya Magotini

Enzi zetu kibao cha kriketi kilidondoka chenyewe kutoka juu. Kuti likikauka linaanguka, puu, tunaligombania. Unakata shina lake pale linapopanuka, unachonga mpini, kwisha. Mpira ni kidaka cha nazi. Kikikupata kwenye muundi unaona nyota mchana, na hakuna wa kukubembeleza. Leo, huku Marekani, mjukuu wangu Rukia anakwenda kucheza Beltsville na begi kama mtu anayehama nyumba: kofia yenye vyuma usoni, glavu, magodoro ya miguu, chupa ya maji yenye mrija. Ukimwona utadhani anakwenda kuzima moto.

Lakini hilo nacheka tu. Lililonichefua ni kaka yangu Athumani, na nayaandika haya ili nyie wa rika langu mliokulia Tanga muwe mashahidi.

Idi hii tulikuwa Columbia kwa mwanangu Saidi. Pilau limeliwa, watoto wako nyuma ya nyumba wanacheza, Athumani kajimwaga kwenye kiti anawahadithia: "Kule Ngamiani mtaa mzima niliufundisha mimi kupiga. Wasichana kazi yao kuokota mpira."

Rukia akanigeukia. Ana miaka kumi na mmoja, kazaliwa huku, Kiswahili chake cha kuungaunga. "Bibi, kumbe nyie mlikuwa mna-fetch tu?" Akakilaza kibao chake kwenye nyasi, akaenda kukaa ngazini.

Damu ikanipanda mpaka masikioni. Kuokota! Mimi!

Aliyetufundisha ni mama. Yeye alikulia ua mmoja na watoto wa Kihindi, akacheza nao mpaka alipovunja ungo akaambiwa basi. Hakusahau. Kila alasiri, ua ukishafagiliwa, analisimamisha debe la mafuta ya taa kwenye ukuta wa jiko. Mpira ukiligonga, ngwaa! umetoka, mpishe mwenzio. Anarusha mwenyewe, kajifunga kibwebwe, mikono inanuka hiliki ya maandazi. "Simama ubavu! Kifua cha nini, unapigwa picha? Kiwiko mbele. Kichwa kitulie. Uangalie mpira mpaka uugonge!"

Majirani wanachungulia ukutani: "Mama Athumani, mabinti hao utamwoza nani?"

"Atakayeweza kuligonga debe lao!"

Sasa, mwanzoni kila mtu ana ugonjwa mmoja. Mpira ukija, mguu wa nyuma unakimbia wenyewe, unabaki unapiga hewa. Dawa ya mama ilikuwa kanga. Anakufunga nayo magotini, imekaza, kilichobaki ni kijihatua kimoja cha mbele. "Haya, kimbia nikuone." Mimi nilifungwa siku chache nikapona. Athumani alifungwa mpaka kanga ikachanika, maana kwa woga yule hana mfano. Analia, vijana wa mtaani wanamcheka. Mama anamwambia, "Wanacheka kanga, au wanacheka huo mguu wako?" Na ambaye debe lake halijalia mpaka adhana ya magharibi ndiye anayepewa andazi la mwisho, la moto. Nimeyala mengi mimi. Athumani alikuwa ananusa.

Ndiyo huyu leo anamfuta mama yake mbele ya wajukuu, na mimi ananifanya mwokota vidaka!

Nikasimama. "Athumani, inuka. Mwalimu, shika kibao."

Saidi akaanza, "Mama, mwache mzee apumzike."

"Nimwache kama yeye alivyomwacha mama yangu? Rukia, njoo umrushie babu yako."

Akainuka anajichekesha. Akasimama ubavu. Kiwiko mbele, kichwa kimetulia. Na magoti, wallahi, yamegusana. Mpira ulipokuja akatoa kijihatua kimoja, kifupi, kama mtu aliyefungwa. Watoto wakaangua kicheko: "Babu, unatembea kama bibi harusi!"

Mimi sikucheka. "Athumani, hayo magoti nani kakufunga?"

Akayatazama magoti yake. Kicheko kikakatika. Mzee wa miaka sabini akakishusha kibao.

"Mama," akasema. Kisha akamwangalia Rukia. "Mama yetu. Mimi na bibi yako, wote."

Sijamsamehe. Ilibidi nimwinue mimi kitini ndipo aseme kweli, na Idi ngapi amekuwa akiwahadithia ule uongo wake?

Rukia akaokota kibao chake, akaja akanivua kanga begani. "Nifunge, Bibi." Nikapiga magoti kwenye nyasi, yakaniuma, nikamfunga, nikakaza kama nilivyokazwa. Athumani akarusha. Wa kwanza mtoto akaupiga mpaka kwenye uzio wa jirani. Wa pili ukampita, ukaangusha vijiti vya plastiki wanavyosimamisha badala ya debe, kwenye zile nyasi laini.

Havikulia. Kila kitu watoto hawa wanacho, hata mashine ya kuwarushia mpira. Nikabaki pale chini nimekaa, nasubiri debe lilie.