Mama Bahati Avunja Sare

Mwanahalima, ambaye mjini Same wengi humwita Mama Bahati, ni mweusi tii, na ameambiwa hivyo mara nyingi mno, utadhani nyumbani kwake hakuna kioo. Aliyemwambia kuliko wote ni wifi yake Mwanamkasi, dada wa mumewe. Siku alipoletwa kwa Hamidu, bado mwali, wifi huyo alimtazama juu hadi chini, akamvua mtandio aliotoka nao kwao, akatoa hukumu: "Mke wa kaka, kwa weusi huu usijichoshe na rangi. Vaa kahawia. Ukikosa kahawia, vaa damu ya mzee." Mwali akatii. Akavaa kahawia siku ya Idi, kahawia sokoni, kahawia kwenye misiba na kwenye maulidi, mpaka watu wakamzoea kama wanavyozoea nguzo ya umeme.

Mwanamkasi mwenyewe alikuwa mweupe. Weupe wa usoni, yaani. Ulitoka kwenye kopo, na vifundo vya vidole vyake vilikuwa bado havijapewa taarifa. Hata hivyo, kwa weupe huo alijipa uwaziri wa rangi wa ukoo mzima. Kukiwa na harusi, yeye ndiye aliyeingia dukani, akajiwekea kitambaa kidevuni, akageuza shingo kushoto na kulia mbele ya kioo, akajiona amependeza, na mambo yakaishia hapo. Kitambaa kilichopimwa kwenye uso wa mtu mmoja kikavaliwa na wanawake wote, weusi kwa maji ya kunde. Picha zilipotoka, watu walishangaa kwa nini Mwanamkasi peke yake ndiye anayeonekana mzima wa afya.

Bahati, binti pekee wa Mwanahalima, alipoposwa na kijana wa Kwakoa, sare ikatangazwa kwenye kundi la WhatsApp la familia: dera la rangi ya pichi, mtandio wa pichi. Mwanahalima akajaribu vya kwake mbele ya kioo cha kabati. Alionekana kama mgonjwa aliyeruhusiwa kabla ya wakati. Akaketi kitandani, moyo umemwuma. Hakutaka makubwa. Alitaka siku hiyo moja tu, mwanawe anapoolewa, wageni wakiingia uani wasilazimike kuuliza mama wa bibi harusi ni yupi. Akamweleza mumewe. Hamidu, ambaye tangu utotoni hajawahi kumshinda dada yake kwa hoja yoyote, akasema, "Rangi ni rangi tu, mama," akaenda zake kusikiliza mpira.

Mwanahalima anafanya biashara ya tangawizi. Hupanda milimani huko Mamba kununua kwa wakulima, hushusha magunia Same, huuza. Siku chache kabla ya harusi mvua ilimkuta huko juu. Mjini vumbi lilikuwa linatimka kama kawaida yake. Mlimani maji yalikuwa yanamwagika kwa hasira. Yunus, mwendesha bodaboda wake wa siku zote, akasimamisha pikipiki, akavua kizibao chake cha rangi ya chungwa, kile chenye mistari ya kung'aa gizani.

"Mama, jitande hiki kichwani. Utapata homa ushindwe kumwoza mwanao."

Akajitanda. Kilinuka jasho na petroli. Wakafika kwenye banda la bati ambamo wanawake walikuwa wanaosha tangawizi, na wanawake hao wakaacha kazi wakamkodolea macho. Mmoja, wala hawakujuana, akasema, "Dada, umependeza wewe! Hicho kitambaa umenunua wapi?"

Mwanahalima akadhani anachekwa. Akainama kwenye kioo cha pikipiki. Humo alikutana na mwanamke asiyemfahamu. Ngozi nyeusi inang'aa, macho yamechangamka, uso wote umeamka. Akageuza shingo kushoto na kulia. Akatazama tena na tena, hadi Yunus akakohoa.

"Mama, samahani. Hicho kioo ni cha kutazamia malori."

Akacheka, kisha akalia, akasingizia mvua. Alilia kwa hasira. Ujana wake wote ulikuwa umeishia kwenye kahawia, na kumbe hapakuwa na sababu.

Aliporudi Same hakupitia nyumbani. Alinyoosha kwa Redempta, muuza mitandio sokoni, akaomba rangi ya chungwa. Redempta akamshushia uliopauka pauka. "Siyo huo," Mwanahalima akamwambia. "Nipe uliokoza. Nataka wa kumshtua mtu."

Siku ya harusi, wanaume wakiwa msikitini, uani kulikuwa pichi tupu. Mwanahalima akatoka na dera la pichi kama alivyoamriwa, na kichwani chungwa. Vigelegele vikakatikia kooni. Mwanamkasi alimfikia akiwa anahema.

"Wifi! Umevunja sare! Utatuharibia picha!"

"Picha ziliharibika zamani, wifi. Leo ndiyo kwanza naingia."

"Na weusi wako huo?"

"Ndio huohuo. Sina mwingine."

Mtu akaangua kicheko nyuma ya masufuria. Wageni wa Kwakoa, ambao hawakuzijua sheria za ukoo huu, wakampita Mwanamkasi, wakaenda moja kwa moja kumpa mkono Mwanahalima na kumpongeza kwa kumlea mkwe wao. Mwanamkasi akafyonza. "Haya, jifurahishe. Bibi harusi angalau nimemshughulikia mimi mwenyewe."

Mwanahalima akaingia chumbani. Bahati alikuwa ameketi mbele ya kioo, amepakwa poda nyeupe hadi kwenye taya. Kuanzia kidevu kwenda juu alikuwa mtoto wa Mwanamkasi. Kuanzia shingo kwenda chini alikuwa wake. Binti akamwona mama yake kwenye kioo, akageuka taratibu.

"Mama? Ni wewe?"

"Ulimtegemea nani?"

Bahati hakucheka. Akasema, "Tangu nikiwa mdogo shangazi huniambia nimefanana na wewe. Huniambia kama anayenipa pole."

Mwanahalima akaufunga mlango. Yote aliyoyameza kwa ajili ya amani ya nyumba, mtoto naye alikuwa ameyala.

"Na wewe ulikuwa unasikia, mama. Ukanyamaza."

Mwanahalima akakunja mikono ya dera. Akamimina maji kwenye beseni, akatafuta sabuni. "Inama," akasema.

Mlango ukagongwa kwa nguvu. "Nyinyi!" Mwanamkasi alikuwa anapiga kelele. "Bwana harusi ameshafika! Mnafanya nini humo?"

"Mwambie asubiri," Mwanahalima akajibu, akaendelea kumsugua mwanawe shavu.